Safari ya Mida: Simu Ilipokutana na Darubini

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi hupita mashamba ya mkonge ya Vipingo, huvuka daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991, kisha hufika mahali ambapo msitu wa Arabuko-Sokoke humsindikiza kwa kilomita nyingi upande wa kushoto. Watu wengi hutazama upande huo wa msitu. Upande wa kulia, nyuma ya miembe, minazi na nyumba za makuti, kuna jambo ambalo kutoka barabarani halionekani. Bahari imeingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha ikatanuka ikawa mkono mpana wa kilomita za mraba zipatazo 32, uliozungukwa na mikoko. Hilo ndilo hori la Mida.

Maji yanapokupwa, sehemu kubwa ya hori hubaki tope na mchanga mtupu. Lakini tope hilo ni ghala la chakula. Limejaa kaa, minyoo ya baharini na konokono wadogo, na kwa ajili hiyo ndege wa pwani huja hapo kwa maelfu kila mwaka. Wako wanaotoka Urusi ya kaskazini, na wako wanaotoka Oman na visiwa vya Ghuba. Mida imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO iliiingiza pwani hiyo ya Malindi na Watamu katika orodha yake ya hifadhi za viumbe hai.

Tunajua, msomaji mpendwa, kwamba akina mama wengi wakisikia safari ya kutazama ndege huguna. Sababu wanazo. Mara nyingi safari za namna hiyo zina darubini moja kwa watu kumi na wanne. Darubini inazunguka kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja anauliza "yuko wapi?", na inapomfikia mama wa mwisho ndege amekwisha kuruka. Wengine hurudi nyumbani wamekula biskuti na kuona vidoa vyeupe kwenye tope. Kilichobadilisha mambo kwetu ni kitu ambacho kila mama tuliyekuwa naye alikuwa nacho mkobani, yaani simu.

Tulikwenda Jumamosi ya tarehe 24 Februari 2024, akina mama wa kanisa kumi na wanne pamoja na dereva. Siku hiyo hatukuichagua kwa bahati. Mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo maji huwa ya bamvua, yaani yanajaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu na saa tano asubuhi, yakajaa tena kuelekea saa kumi au saa kumi na moja jioni. Mtazama ndege aliye na busara hufika katikati. Maji yanapopanda huwasukuma ndege kidogo kidogo kutoka mbali kuja karibu na ufuo, bila mtu yeyote kuwafukuza. Isitoshe, alasiri jua huwa mgongoni mwa anayetazama kutoka upande wa kijijini, nalo huwaangaza ndege vizuri usoni.

Kutoka ufukweni kuna daraja la mbao na kamba linaloning'inia juu ya mikoko, lenye urefu wa mita zipatazo 260, linaloishia kwenye kibanda cha kujifichia mbele ya tope. Daraja hilo hucheza mtu anapotembea. Wale wenye viatu vya visigino walivivua. Chini yetu tuliona mizizi ya mikoko imesimama kama miguu ya buibui, na kaa wenye gando moja jekundu wakitupungia. Kijana mwongozaji, mzaliwa wa hapo, alitangulia akiwa amebeba begani chombo ambacho wengi wetu tulidhani ni cha wapima ardhi.

Chombo hicho waongozaji hukiita skopu. Ni darubini kubwa ya jicho moja, ambayo husimamishwa juu ya stendi ya miguu mitatu kwa kuwa mkono wa mtu hauwezi kuituliza. Darubini ya kawaida ya macho mawili hukuza mara 8 au mara 10. Skopu hukuza kuanzia mara 20 hadi mara 60. Ndege aliye mbali kiasi cha uwanja wa mpira mara tatu anaonekana hata kope zake.

Tulikuwa na Nyanya mmoja wa zaidi ya miaka sabini, mama aliyezaliwa na kukulia kandokando ya bahari. Jicho la kushoto lilichukuliwa na presha ya macho miaka mingi iliyopita. La kulia lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nalo linaona vizuri akivaa miwani. Lakini shingo yake hutetemeka. Alipoinama kwenye skopu aliona giza, kisha mwanga, kisha giza. "Mwanangu, hapa hamna kitu," akamwambia kijana, akarudi kuketi kwenye ubao.

Sisi tulio wauguzi tulielewa mara moja taabu yake. Ukisimama hatua moja nyuma ya skopu iliyoelekezwa penye mwanga, utaona kwenye kioo cha nyuma kuna duara dogo jeupe limeelea. Duara hilo ndilo picha yote. Upana wake hupatikana kwa kugawanya upana wa kioo cha mbele kwa idadi ya mara za kukuza. Skopu yenye kioo cha mbele cha milimita 80, ikikuza mara 20, hutoa duara la milimita 4. Ikikuza mara 60, duara hubaki zaidi kidogo ya milimita 1. Ni vipimo vilevile tunavyovitumia wodini tunapomulika mboni ya mgonjwa kwa tochi. Mboni ya jicho lazima ikae sawasawa juu ya duara hilo, na katika umbali uleule. Kichwa kikitikisika kidogo tu, picha hutoweka. Mtu mwenye shingo inayotetemeka hawezi, na hata mtoto mdogo hawezi, maana hajui kufumba jicho moja.

Simu haitetemeki ikifungwa. Nalo jicho la simu, ile lenzi ya nyuma, ni dogo kama mboni ya mtu, kwa hiyo linaingia ndani ya lile duara la mwanga kama lilivyo. Hii ndiyo siri yote. Kamera kubwa yenye lenzi pana huona duara dogo katikati na weusi mwingi pembeni.

Jambo hili lina historia fupi. Mwaka 1999 mpenda ndege wa Malaysia, Laurence Poh, aliweka kamera ya dijitali kwenye jicho la skopu yake akapata picha zilizowashangaza wenzake, na habari ikaenea duniani. Kamera ya Nikon Coolpix 950 iliyotoka mwaka huo ilipendwa sana kwa kazi hiyo kwa sababu lenzi yake ilikuwa ndogo na haikuchomoza nje ilipokuza. Siku hizi kamera ile imekuwa kitu cha kabatini, na simu imechukua nafasi yake.

Kijana wetu alikuwa na adapta aliyoitengeneza mwenyewe. Alichukua kava la simu la zamani, akakata tundu sawasawa na lenzi, kisha akagundisha nyuma yake kipande cha bomba la plastiki la maji kinachoingia kwenye jicho la skopu kwa kubana, na ndani akakipaka kitambaa cheusi ili mwanga wa pembeni usiingie wala kioo kisikwaruzwe. Ziko adapta za dukani, tena nzuri, zenye vishikio vya kurekebishwa kwa simu yoyote. Ya bomba hutumika kwa simu moja tu, lakini kwa simu hiyo inafanya kazi barabara. Anayetaka kuijaribu nyumbani apime kwanza kwa mkono umbali ambao duara la mwanga linajaa kwenye kioo cha simu, ndipo akate bomba kwa urefu huo. Akikata kwanza atakata mara mbili.

Utaratibu wenyewe tuliusoma palepale, na tunauandika kama tulivyofundishwa. Kwanza mtafute ndege kwa jicho lako, skopu ikiwa kwenye mara 20, ulenge hadi aonekane wazi. Teremsha ule mpira wa kuzunguka jicho. Ndipo ufunge simu. Simu yenye lenzi tatu au nne hutaka kuamua yenyewe ni ipi itumike, nawe hakikisha ni ile kuu, ile ya namba 1. Ukiona ukingo mweusi wa mviringo, kuza kidogo kwenye simu hadi uondoke. Gusa mahali ndege alipo kwenye kioo, kisha uteremshe mwangaza kidogo, maana ndege mweupe penye jua hugeuka karatasi tupu isiyo na manyoya. Usibonyeze simu kwa kidole, kwa kuwa kila mguso hutikisa skopu nzima na mtikisiko nao hukuzwa mara 20. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 au 3. Mama mmoja mwenye waya wa kusikilizia muziki aligundua kwamba kitufe cha sauti kwenye waya hupiga picha bila kuigusa simu, akawa mpiga picha mkuu wa siku.

Tamaa ya kwenda mara 60 iache. Mwanga hupungua hadi sehemu moja ya tisa, na mvuke wa joto unaopanda kutoka kwenye tope hufanya ndege aonekane kama yumo ndani ya maji yanayochemka. Saa za adhuhuri mvuke huo ni mbaya zaidi, na hakuna simu wala skopu ya bei yoyote itakayouondoa.

Tena, kwa sauti ya muuguzi: skopu isielekezwe kamwe kwenye jua. Kioo cha mbele hukusanya mwanga kama kioo cha kuwashia moto. Jicho linaweza kuunguzwa nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna maumivu ya kukuonya, na uoni usirudi tena. Watoto wakiwa karibu, mtu mzima akae kwenye skopu wakati wote, na jua linapoteremka upande unaotazama, ifunikwe.

Basi kijana aliteremsha ile miguu mitatu hadi usawa wa mtu aliyeketi, akafunga simu, akamwita Nyanya. Safari hii Nyanya hakuinama. Alivaa miwani yake akatazama kioo cha simu kama atazamavyo picha za wajukuu, nasi kumi na watatu tukiwa nyuma ya mabega yake tukiona kile alichokiona.

Aliyekuwa kwenye kioo ni yule ndege mla kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu, na mdomo mnene mweusi kama kisu cha kuchunia. Nyuma yake alisimama mwingine wa ukubwa uleule, lakini mgongo wake ulikuwa wa kijivu kilichofifia na kichwa kina michirizi. Yule mweupe alimnasa kaa, akampigapiga chini. Yule wa kijivu akainama, akajikunyata, akamfuata mwenzake hatua kwa hatua akiwa amefungua mdomo. Sauti haikutufikia, ila kila mama aliyekuwepo aliijua.

"Kumbe analilia," alisema Nyanya. Kisha, baada ya kumkagua vizuri: "Mtoto mkubwa hivyo, na bado hajaachishwa ziwa?"

Tulicheka hadi daraja likatikisika na picha mbili zikaharibika. Lakini kijana alituambia kwamba Nyanya amesema kweli tupu, na habari ya ndege huyu inastahili kuelezwa. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, miezi ya joto kali kuanzia Aprili. Ndege wengine wa pwani hutaga mayai matatu au manne juu ya ardhi wazi, na vifaranga huanza kujitafutia chakula siku ileile wanapoanguliwa. Mla kaa huchimba shimo refu mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu, jeupe. Mchanga uliochomwa na jua humsaidia kulitunza joto la yai. Kifaranga hubaki shimoni, wazazi wakimletea kaa. Anapojua kuruka, husafiri pamoja nao kuja kwetu, na akifika huendelea kulishwa kwa miezi. Kuvunja kaa mwenye gando bila kuumizwa ni ufundi unaohitaji muda kujifunza. Tuliyemwona Februari huenda alikuwa na umri wa miezi minane hivi.

Mama mmoja aliye na kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado yuko nyumbani aliomba atumiwe picha hiyo.

Tuliona wengine pia. Sululu, mwenye mdomo uliopinda kwenda chini kama jambia, alikuwa akiuchomeka kwenye mashimo ya kaa. Kitwitwi mdogo ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu alikuwa akikimbia huku na huku kama aliyechelewa ibada. Yangeyange walikuwa wengi. Lakini ukweli ni kwamba kundi zima lilirudi kwa yule mtoto wa kijivu kila nafasi ilipopatikana.

Kazi ya simu na skopu haiishii kwenye kupendeza macho. Watafiti hufunga pete ndogo kwenye miguu ya ndege ili wajue wanakwenda wapi na wanaishi miaka mingapi. Zamani namba ya pete ilisomwa ndege akikamatwa tena au akiokotwa amekufa. Siku hizi pete za rangi zenye herufi kubwa zinaweza kusomwa kutoka mbali kwenye picha iliyopigwa kupitia skopu, ndege akiendelea kula. Kwa ndege anayejiandaa kuruka maelfu ya kilomita, kila mara anaporushwa kwa hofu hupoteza mafuta aliyoyakusanya kwa taabu. Ndiyo maana kijana alimkataza kwa upole mama aliyetaka kushuka topeni apige picha ya karibu. "Mama, wewe utapata picha, yeye atapoteza chakula cha mchana." Mama akakaa.

Tulimuuliza kijana habari ya daraja. Zamani jamaa nyingi za hapo zilipokwama kwa karo ziliingia msituni au kwenye mikoko na shoka, maana boriti ilikuwa fedha ya haraka. Mwaka 2001 A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kutunza mazingira lenye kituo Watamu, lilianzisha mpango uitwao ASSETS. Fedha zilizotokana na wageni, zikiwamo ada za daraja la Mida, zilisaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka jamaa zinazoishi kando ya msitu na hori. Wazazi kwa upande wao walitakiwa kuilinda miti na kupanda mingine. Dada yake kijana huyo alikuwa mmoja wa waliosaidiwa. Alilisema hilo huku akikunja stendi, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, lakini akina mama wawili waliokuwa wamelalamikia kiingilio asubuhi hawakulitaja tena.

Kwa kundi litakalotaka kwenda: angalieni kalenda ya mwezi na majedwali ya maji kabla ya kukodi gari, mkachague siku ambayo maji yanajaa alasiri. Skopu hamna haja ya kununua, maana ni ghali. Ulizieni mwongozaji aliye nayo mapema, mmwambie pia aina za simu mlizo nazo. Chukueni kofia, maji ya kunywa ya kutosha, kitambaa laini cha kufutia vioo na betri ya akiba, kwa kuwa kioo cha simu kilichowashwa juani humaliza chaji upesi. Nguo zisiwe nyeupe. Mwenye mzee asiyeweza kutembea juu ya daraja linalocheza amtafutie mahali pa kuketi ufukweni, na skopu iletwe kwake. Magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, yako karibu, na asubuhi wakati maji yanakupwa yanafaa kabisa kutembelewa kwanza.

Katika picha zaidi ya mia tatu zilizopigwa alasiri ile, kumi na moja zilifaa. Tulizisafisha studio, na ile ya mama na mtoto anayelilia kaa Nyanya ameitundika sebuleni. Kufikia Aprili ndege hao huanza kuondoka kurudi kwenye mashimo yao ya mchanga, nao huanza kuonekana tena Mida kuanzia Agosti.